Dari Jeupe la Vudee

Yudith binti Aminieli alipokwenda Ujerumani mwaka sitini na sita, Vudee nzima, kule milimani juu ya Same, ilijua amekwenda kusoma, ila hakuna aliyejua anasoma nini. Kanisa lilimpeleka kwa maarifa ya nyumbani, yaani kupika, kushona na kulea, ili arudi awafundishe akina mama. Alikaa darasa hilo miezi mitatu. Kisha akaona chumba cha pili kwenye korido ileile, ambako watu walikuwa wakichora vyumba, wakikata karatasi ngumu na kuunda nyumba ndogo zenye viti vya njiti za kiberiti, akaomba kuhamia huko. Barua aliyomwandikia baba yake kueleza jambo hilo ilisomwa mara tatu nyumbani bila kueleweka. "Anasomea kupanga viti," mzee Aminieli alihitimisha, akaikunja barua na kuiweka ndani ya Biblia. Majirani walimpa pole kwa adabu.

Majira ya baridi ya kwanza, mama aliyempangisha chumba alilichukua sweta lake, lile alilofumiwa na mama yake mzazi kwa nyuzi za dukani Same, akalitundika nje kwenye theluji. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba linanuka moshi na upepo utalisaidia. Yudith alilifua mara saba. Mara ya nane alilitupa kwenye pipa la taka, akaenda shuleni akitetemeka kwa baridi na kwa haya, na tangu siku hiyo kila alichochora kilikuwa cheupe: kuta nyeupe, pazia jeupe, dari jeupe. Walimu wakamsifu, wakasema ana jicho la mwanga. Hakuwaambia kwamba halikuwa jicho, ilikuwa pua.

Alirudi na cheti mwaka sitini na tisa. Akafundisha kupika miaka miwili, shingo upande, huku akichora vyumba pembezoni mwa daftari la mapishi. Mwaka sabini na moja aliaga, akapanga chumba kimoja Same, karibu na stesheni, akaandika juu ya mlango kwa mkono wake: STUDIO YA MAPAMBO YA NYUMBA. Wiki ya kwanza walikuja watu waliochana nywele na kujipaka mafuta, mmoja amebeba mtoto mchanga aliyevalishwa soksi, wote wakitaka kupigwa picha. Ikabidi afute neno la kwanza na kuandika KARAKANA. Basi wakaja wenye baiskeli mbovu.

Fundi wake alikuwa Chande, seremala wa Pangani aliyeletwa bara na kazi za mkonge, ambaye alikuwa amechonga milango ya nyumba za manamba mpaka akachoka kuona mlango. Chande alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe aliyapima.

"Dada, mteja anataka kitambaa cha kufuma juu ya kochi."

"Kochi lina rangi nzuri, Chande. Kwa nini lifunikwe?"

"Lisichafuke."

"Na kitambaa kikichafuka?"

"Huwa wanaweka kingine juu yake."

Ndivyo walivyoishi miaka miwili, kwa makabati ya vyombo na vitambaa. Kila mkutano wa ukoo mtu alimuuliza Yudith kazi yake hasa ni ipi, naye alieleza, na aliyeuliza aliitikia kwa kichwa kisha akamgeukia aliyekaa upande wa pili na kumuuliza habari za kahawa. Kitu kimoja tu alikitamani: apewe nyumba nzima, tangu mlangoni hadi ukuta wa nyuma, aipange kwa kichwa chake mwenyewe, ili watu waingie waone kwa macho yale ambayo mdomo ulishindwa kuwaeleza. Nyumba moja tu. Akiipata hiyo, karakana ingesimama. Akiikosa, angerudi kufundisha kukaanga maandazi.

Ikaja katikati ya mwaka sabini na tatu. Lukasi, karani wa bandari ya Tanga, mtoto pekee wa mjane Rogathe wa Vudee, aliandika kwamba anaoa mwezi wa Septemba, kwamba wakwe zake watapanda mlimani kumwona mama, na kwamba anataka nyumba ya mama yake ipendeze ndani, kisasa. "Dada Yudith, fanya unavyojua wewe," barua iliisha hivyo. Yudith aliisoma akiwa amesimama, akampa Chande naye aisome, wakacheka wote wawili bila sababu.

Rogathe, ambaye watu wote walimwita Mama Lukasi, alikuwa na nyumba ya matofali mabichi na bati, chumba kimoja kikubwa na viwili vidogo. Katikati ya kile kikubwa palikuwa na mafiga, na juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa fito uliokaa mweusi wa kung'aa kwa masizi ya miaka. Uchaga huo ndio uliokuwa roho ya kitongoji. Kila baada ya mavuno, nyumba kumi na mbili zilichagua mahindi yao bora kuliko yote na maharage yao ya mbegu, zikamletea Mama Lukasi, naye akayapanga juu ya moshi. Moto wake haukuzimika tangu alipokabidhiwa na mama mkwe wake. Mvua za kwanza zikishanyesha sawasawa, watu walikuja na vikapu, naye akapanda ngazi na kumshushia kila mmoja mbegu yake bila kuchanganya hata gunzi moja. Hakuwa na daftari. Kanisani alikaa benchi la tatu na watu walimwachia nafasi.

Yudith aliyajua hayo yote. Sharti lisemwe mapema, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Alizaliwa mtaa wa chini ya nyumba hiyo. Akiwa na miaka minane yeye mwenyewe alipandishwa juu ya uchaga ule kuokota maharage yaliyopenya kwenye fito, kwa kuwa alikuwa mwepesi, akashuka mweusi kama chungu, na Mama Lukasi akamwosha uso kwa upande wa kanga yake. Alijua moshi unafanya nini. Hapana mtoto wa Vudee asiyejua.

Lakini alipoingia na Chande siku ile, akiwa na kipimo mkononi na Lukasi amempa ruhusa ya kila kitu, alichokiona ni masizi tu. Harufu ilimpanda puani, na miaka yote ya Ujerumani ikamrudia kwa mara moja.

"Mafiga yatatoka nje, mama," alisema. "Tutakujengea jiko zuri pale nyuma, lenye dirisha."

"Na mbegu?"

"Tutazipukuchua tuziweke kwenye madebe yenye vifuniko. Chande atatengeneza rafu, utaona itakavyopendeza."

"Mbegu zinataka moshi, mwanangu."

Yudith akajifanya anapima dirisha. Alilipima mara ya pili, lile dirisha ambalo vipimo vyake alikuwa ameshaviandika.

Kesho yake Mama Lukasi alimfuata uani, akasimama karibu yake akifuta mikono. "Yudith, nasema zile mbegu zinataka moshi."

"Mama Lukasi, huko nilikosoma wanafunika hivihivi. Mdudu akikosa hewa, hana maisha. Ila usifungue kabisa mpaka mvua, hewa isiingie."

Huko alikosoma hakuna mtu aliyewahi kumtajia mbegu. Walimfundisha pazia na kivuli cha taa, na namna ya kukifanya chumba chembamba kionekane kipana. Uongo ule ulimtoka kwa urahisi, na kwa sauti ya mwalimu wake mmoja wa kule aliyekuwa akisema kila kitu kama aliyekishuhudia. Mama Lukasi alimtazama muda mrefu, kisha akatazama chini.

"Haya. Wewe umesoma," alisema, akaenda kuushusha mwenyewe mzigo wa kwanza.

Kazi ilichukua wiki tano, na tusimnyime haki yake: ilikuwa nzuri. Chande alipigilia dari la hadibodi chumba kizima, likapakwa chokaa mara tatu. Kuta zilikwanguliwa na kulainishwa. Dirisha lilipanuliwa, na asubuhi mwanga wa jua uliingia hadi mlango wa chumba cha kulala, mahali ambapo haukuwahi kufika. Ukuta wa nyuma ukapata rafu ndefu ya mvule, na juu yake madebe ishirini na manne yaliyopakwa rangi ya maziwa, mawili kwa kila nyumba, kila moja na namba yake. Wakwe wa Lukasi walipofika waliingia wakasimama, wakakosa pa kukanyaga kwa heshima. Redio mwaka ule ilikuwa ikihimiza nyumba safi kila jioni, kwa hiyo Bwana Maendeleo wa wilaya naye alipanda kuja kuona. Alizunguka chumba akigonga dari kwa kalamu. Akamwambia Yudith kwamba wilaya inajenga nyumba ya wageni na ofisi za vijiji vipya kule tambarare, na kwamba atakuja tena Novemba na wenzake wa kamati, wakiridhika kazi ni yake.

Yudith alishuka Same siku hiyo akiimba ndani ya lori, na Chande akamwambia apunguze sauti maana watu wanasali.

Mvua za vuli zilinyesha katikati ya Novemba, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nyumba kumi na mbili zilikusanyika kwa Mama Lukasi na vikapu. Yudith alikuwepo kwa sababu kamati ya wilaya ilitarajiwa juma hilo, na alitaka kuhakikisha chokaa haijavuja. Alikaribishwa kiti. Mzee Hezroni, balozi wa nyumba kumi, alifungua kwa sala fupi kama ilivyo desturi, na Mama Lukasi akalishika debe la kwanza kulishusha kutoka kwenye rafu.

Akasita. Akaweka kiganja ubavuni mwa debe, akakiacha pale.

"Lina joto," alisema.

Debe la mahindi makavu lililokaa kivulini miezi miwili halina sababu ya kuwa na joto. Hezroni alikibandua kifuniko kwa kisu. Ndani fukusi walikuwa wengi kuliko punje, wakitembea juu ya vumbi la unga, na harufu ya uvundo ikatoka na kujaa chumba kile cheupe. Wakafungua la pili, la tatu. Madebe ya mahindi yalikuwa hivyo yote. Ya maharage yalikuwa yameshika ukungu, punje zimegandana. Rahabu, mama wa watoto watano aliyekaa nyumba ya pili kutoka pale, alitia mkono kwenye debe lenye namba yake, akainua kiganja, na fukusi na unga vikapita katikati ya vidole vyake vikidondoka sakafuni. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Yudith alikuwa ameketi karibu na mlango. Alijua sasa hivi watageuka wamtazame. Alikuwa ameanza kupanga maneno: kwamba vifuniko vya madebe havikuwa vile alivyovitaka, kwamba mahindi huenda hayakukauka vizuri. Ndiyo, alikuwa anayapanga. Baadaye alijichukia kwa hilo kuliko kwa mengine mengi.

"Nani alisema zitolewe kwenye moshi?" Hezroni aliuliza, na sauti yake haikuwa kali.

"Mimi," Mama Lukasi akajibu.

Watu wakamtazama.

"Mimi mwenyewe. Nilichoka masizi. Mwanangu anaoa, nikataka nyumba nzuri kama za watu, nikamwambia huyu mtoto anitolee mafiga. Yeye alifanya alichoagizwa. Nimewakosea, jamani."

Alisema hayo akiwa amesimama wima, mkono bado uko juu ya debe. Yudith alifungua mdomo. Halafu akaufunga. Tungeweza kusema sauti ilimkauka, au kwamba alishtuka, na wapo watakaopenda kusema hivyo. Ukweli ni kwamba alifikiria kamati ya wilaya inayopanda Alhamisi, akafikiria bango lake la Same, akanyamaza kimya kama maji ya mtungini.

Wazee walizungumza nje chini ya ukingo wa bati. Hawakumtukana Mama Lukasi, huku kwetu mambo hayaendi hivyo. Walimshukuru kwa miaka aliyotunza, wakamwambia sasa apumzike, na kwamba mbegu za mwaka ujao zitakaa kwa Rahabu ambaye mafiga yake bado yako ndani. Alikubali kwa kuinamisha kichwa. Kisha akaenda kwenye lile jiko zuri lenye dirisha, akachota makaa ya moto kwa kigae, akatoka nayo mvuani ameyafunika kwa mkono mwingine, akayapeleka mwenyewe nyumbani kwa Rahabu. Alipita mbele ya Yudith bila kugeuza uso. Makaa yalikuwa yakilia kila tone lilipoyapata.

Mwaka ule watu walitafuta mbegu kwa jamaa, wengine walifika hadi Msangeni kwa miguu na kwa lori, wakapanda wiki tatu baada ya wenzao. Mvua ikakatika Desemba. Waliopanda mapema walipata kidogo, waliochelewa walivuna mabua. Serikali ilileta mahindi ya njano, yakaliwa. Rahabu alimpeleka binti yake wa pili kwa shangazi yake huko Kileo, ambako kuna maji ya kumwagilia, akae huko mpaka chakula kitengemae.

Kamati ya wilaya iliridhika. Madebe yalikuwa yameoshwa na kupangwa tena juu ya rafu, matupu, na yalionekana vizuri.

Mwezi wa Januari Yudith alipiga moyo konde, akapanda Vudee peke yake. Alimkuta Mama Lukasi anachambua mboga uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Mama, nimekuja nikuambie kwamba Jumapili nitasimama kanisani. Nitasema lilivyokuwa."

Mama Lukasi aliendelea kuchambua. "Utasema nini?"

"Kwamba uliniambia. Mara mbili. Nami nikakudanganya."

"Na mimi nitakuwa nani?"

Yudith hakuelewa.

"Nimesema mbele ya balozi na nyumba kumi na mbili kwamba ni mimi," mama yule alisema. "Wamenivua kazi, nimekubali, yamekwisha. Leo wewe usimame useme sivyo, basi mbegu nimepoteza na mwongo pia nimekuwa. Kazi yako ndiyo kwanza imeanza. Mama yako na mimi tulipata kipaimara siku moja. Sikutaka kukuona unazomewa. Nenda kafanye kazi, unyamaze."

Yudith akasema, "Asante, mama." Na katika njia ya kushuka, kwenye kona ile ambayo unaanza kuiona reli chini, aligundua kwamba anatembea haraka na kwamba mwili wake ni mwepesi. Alikuwa amefurahi. Alikuwa amepanda mlima kutubu, akakatazwa, akafurahi. Aliketi kwenye jiwe akafunika uso kwa viganja viwili, ingawa njia nzima hapakuwa na mtu.

Miaka minne ikapita na karakana ikasimama. Nyumba ya wageni ya wilaya ilikuwa ya mkono wake, na ofisi za vijiji vitatu, na sebule ya mkuu wa shule, na nyumba za mabwana wa mkonge. Chande alipata wasaidizi wawili. Watu hawakumuuliza tena kazi yake ni nini. Walisema, "Ndiye aliyefanya ile nyumba ya Vudee." Kila waliposema hivyo uso ulimshuka, na wao wakadhani ni unyenyekevu, wakampenda zaidi. Hakutia tena dari katika nyumba yoyote yenye moto ndani. Wateja walimuuliza sababu, akawajibu hadibodi ni adimu. Siku moja Chande, bila kuacha kupiga randa, alisema, "Dada, wewe una kitu." Alimjibu hana kitu. Chande akapuliza vumbi la mbao na hakuuliza tena.

Vudee hakupanda isipokuwa kwa misiba, na hapo alikaa nyuma. Mara mbili alimwona Mama Lukasi kanisani. Hakuwa benchi la tatu. Alikuwa karibu na mlango, na nafasi yake ya zamani alikaa Rahabu.

Mama Lukasi alifariki Juni mwaka sabini na saba, kwa kifua. Alizikwa nyuma ya nyumba yake, kando ya migomba. Yudith alipofika na Chande walimpeleka mbele, kwenye viti vya wageni, karibu na Bwana Maendeleo ambaye naye alikuja kwa ajili ya nyumba maarufu. Alikataa, wakamlazimisha. Jeneza lilikuwa limeshawekwa juu ya kamba kando ya kaburi. Lukasi, aliyekuja na mkewe kutoka Tanga, akatoa karatasi mfukoni kusoma wasifu wa mama yake.

Huku kwetu wasifu si wa kupaka marehemu mafuta. Unataja alikozaliwa, alikobatizwa, watoto aliozaa na waliokufa, kazi aliyofanya na pale alipoteleza, kisha Mungu ndiye anayehukumu. Lukasi alisoma kwa sauti ya karani, neno kwa neno. Mama alizaliwa, akabatizwa, akaolewa. Akafiwa. Kisha akasoma: "Marehemu alikuwa mtunza mbegu wa kitongoji hiki kwa miaka ishirini na sita, hadi mwaka elfu moja mia tisa sabini na tatu, mbegu zilipoharibika kwa uamuzi wake mwenyewe wa kupendezesha nyumba. Aliomba radhi, akasamehewa."

Hapo watu waliguna kidogo, ule mguno wa kukubali.

Yudith alisikia neno "mwenyewe" likibaki masikioni baada ya Lukasi kuendelea na sentensi nyingine. Aliona kwamba udongo ukishaingia, hilo ndilo litakalokuwa la kweli. Wajukuu wataambiwa hivyo. Haya aliyokuwa nayo siku hiyo haikuwa ile ya kuogopa kuonekana, ambayo aliifahamu tangu Ujerumani na ambayo alikuwa ameilisha miaka yote. Hii ilikuwa nyingine, nzito, na haikumwacha akae.

"Kaka Lukasi," alisema, akasimama. "Naomba usiendelee."

Mchungaji aligeuka. Bwana Maendeleo alimshika mkono wa gauni, kwa wema, akidhani amezidiwa na kilio.

"Mama hakuamua," Yudith akasema. "Aliniambia mbegu zinataka moshi. Aliniambia siku ya kwanza, nikajifanya sikusikia. Akaniambia siku ya pili, nikamwambia huko nilikosoma wanafunika kwenye madebe. Si kweli. Sikusoma jambo hilo popote. Nami nimezaliwa hapa, nilijua. Mbele yenu alisema uongo mmoja, na alinisemea mimi, na mimi nimeuvaa miaka minne nikapata kazi kwa huo."

Mahali fulani mtoto alikohoa.

"Miaka minne, Yudith," alisema mzee Hezroni.

"Miaka minne, mzee."

"Na mwenyewe yuko hapo ndani, hatusikii tena."

"Ndiyo."

Rahabu alikuwa upande wa pili wa kaburi. Alimtazama Yudith kwa macho makavu. "Binti yangu yuko Kileo mpaka leo," alisema. "Amezoea kule. Ananiita mama wa mlimani." Akajifunga kanga yake upya na kuangalia migomba.

Bwana Maendeleo alikuwa ameuachia mkono wa gauni la Yudith. Chande alitoka nyuma kwenye wanaume, akaja kusimama karibu naye, si karibu sana, akakunja mikono.

Lukasi alikuwa bado ameshika karatasi. Kwa muda ilionekana kama atamfukuza pale, na alikuwa na haki hiyo. Badala yake alipapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu, akapiga goti moja, akaiweka karatasi juu ya kifuniko cha jeneza la mama yake kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuandikia. Akakata mstari. Akaandika polepole, kwa mwandiko wa bandarini ambao hauna haraka, na watu wote wakamsubiri.

"Jina la baba yako ni Aminieli," aliuliza bila kuinua kichwa.

"Aminieli."

Akaandika. Akasimama, akafuta goti. Kisha akaanza kusoma upya kutoka juu kabisa, tangu tarehe ya kuzaliwa na jina la aliyembatiza, na alipofika mahali pa mbegu alisoma: "zilipoharibiwa na Yudith binti Aminieli, ambaye marehemu alimwonya mara mbili." Alisoma hadi mwisho. Yudith alisikiliza amesimama, na hakuna aliyemwambia akae.